Springi ya Mizani ya Watoto

Fundi magodoro alikuwa na mdomo, wala halikuwa jambo la siri. Mteja akileta kitanda kilichobonyea, hata hajapumua alishapewa somo: springi ukiivuta kidogo, hurudi ilikotoka, ukiivuta kupita uwezo wake, haikurudii tena hata uibembeleze vipi. Wateja walikuwa wamelikariri.

Sasa mtu huyuhuyu, Jumatano iliyopita, alipoambiwa na nesi kwamba bintiye wa mwezi mmoja ana kilo tatu na gramu mia mbili tu, aliikasirikia mizani. Alisubiri kliniki imalizike na chumba kibaki kitupu, akaishika ndoano ya kuning'inizia watoto, akakunja magoti, akaning'inia na kilo zake themanini na ushee. Akashuka ameridhika, utadhani kamkomesha mtu.

Nesi alikuwa ameshasema: mtoto asipofika tatu na mia nne wiki ijayo, atalazwa. Wiki nzima mkewe hakuwa na kazi nyingine ila kunyonyesha.

Leo walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mtoto akaning'inizwa, akapiga kelele, mshale ukatulia.

"Tatu na mia saba!" nesi akasema. "Hongera, mama."

Fundi akarusha mikono juu kama mfungaji wa goli. Mtoto alipotolewa, jicho la Fundi lililozoea springi miaka ishirini likatua kwenye mshale. Haukurudi kwenye sifuri.

Nesi alikuwa ameshashika kalamu. Angenyamaza tu, wangekuwa nyumbani kabla ya saa nne, na kusema kweli alitamani sana kunyamaza.

"Nesi, usiandike. Mizani hiyo inadanganya."

"Nani kakwambia?"

"Niliining'inia. Wiki iliyopita."

Mkewe akamtazama kuanzia viatu hadi utosi. "Wewe, baba mtoto? Wewe mwenye somo?"

"Mimi."

Nesi akavaa miwani, akachukua pakiti ya sukari ya kilo moja kwenye kabati la chai, akaitundika. Kilo moja na gramu mia mbili. Akaitoa. Mshale ukabaki kwenye mia mbili.

"Imelegea, lakini uongo wake ni uleule, iwe tupu au na mzigo," akasema. "Haya, Fundi, toa mia mbili."

Fundi, anayepiga hesabu za vitanda vizima kichwani, alishindwa kutoa.

"Tatu na nusu," mkewe akasema taratibu. Kisha akapaza sauti. "Tatu na nusu! Amepita!"

Fundi akakaa palepale sakafuni, akalia bila aibu.

"Habari mbaya uliipima kwa mwili mzima," nesi akamwambia huku akiandika kwenye kadi. "Hii njema nusura uondoke nayo hivihivi. Mizani nyingine iko stoo. Hii utaitengeneza wewe, na usithubutu kuijaribu kwa kuning'inia."

Mkewe akainama, akamwekea mtoto mapajani.

"Mshike," akasema. "Ila usimvute."