Kiukuta cha Mivukuto

Shemeji yangu Stanley ana tabia ya kukalia kitu huku akikisema vibaya. Siku alipokuja kunieleza habari za karakana, alikuwa amekaa juu ya fuawe, kile chuma kizito ambacho marehemu kaka yake, mume wangu Kasimiri, alifulia majembe, chuma ambacho hakuruhusu hata kuku atue juu yake. Akanitazama, akasema, "Shemeji, hili ni gofu. Tukubaliane tu."

"Tukubaliane nini?"

"Libomolewe. Hapa barabarani mimi najenga ghala. Wanunuzi wa mahindi wanatafuta maghala kama dawa. Nyumba yako unabaki nayo, nani atakugusa?"

Nilimwambia ateremke kwanza, ndipo tuongee. Akateremka, akajipangusa suruali. Stanley anauza vipuri vya pikipiki Kizwite, mjini Sumbawanga, na tangu ahamie huko anatuongelesha sisi wa huku njia ya Mwazye kama watoto wa chekechea.

Ukweli usemwe, gofu lilikuwa gofu kweli. Kasimiri alifariki mwezi wa nane, mvua zikaanza, na mimi sikukanyaga karakana mpaka zilipokwisha. Sikuweza. Kwa hiyo paa likaanguka upande mmoja bila mtu wa kuliinua, ukuta wa magharibi ukanywa maji hadi ukarudi kuwa udongo, na panya wakala ngozi za mivukuto.

Hiyo mivukuto ndiyo ilikuwa kazi yangu. Ni mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi. Unabonyeza huu, unainua huu, mikono yote miwili imeshikwa, na upepo unapita kwenye bomba la udongo kwenda kwenye makaa. Mungu hakutujalia watoto, basi wa kuvuta nikawa mimi, miaka yote ya ndoa yetu. Kasimiri alinijengea kiukuta kati yangu na moto ili nisiungue uso. Kilinipita kichwa nikiwa nimekaa, kwa hiyo moto sikuuona wala chuma sikukiona. Nilisikia tu. Akisema "Haya," naanza. Akisema "Tosha," naacha. Katikati hapo tuliongea, tuligombana, tulisengenya kijiji kizima, yeye upande wake na mimi upande wangu.

Ukoo ulikaa kikao. Wazee wakasema karakana isiyo na moto ni kiwanja tu, na kiwanja ni cha ukoo. Lakini kama siku ya misa ya mwaka ya marehemu watakuta moto ndani na jembe linafuliwa, karakana ni ya mjane wake Rozina mpaka afe, na asiulizwe tena.

Stanley akacheka. "Jembe afue nani? Wewe?"

"Kwani nyundo ina ndevu?" nikamjibu.

Kikao kizima kiliangua kicheko, hata wazee. Nilirudi nyumbani nimejaa kiburi. Kiburi kilinitosha mpaka asubuhi, nilipolisimamia lile rundo la udongo peke yangu.

Yalikuwa mavuno. Kila mtu yuko shambani na mahindi yake, na ulezi haumsubiri mtu. Jirani yangu Anjela alipita na kapu lake kichwani, akanikuta nakanyaga udongo na majani makavu, miguu imepauka kwa baridi, maana upepo wa huku juu mwezi wa sita hauna huruma na mtu.

"Dada Rozina, kidole kimoja hakivunji chawa. Subiri tumalize ulezi, tutakuja."

"Chawa wangu nawajua mwenyewe, Anjela."

Akacheka, akaenda zake. Alipopotea kwenye kona nilijuta. Ningesema tu, "Njooni," ingenigharimu nini? Lakini ulezi ukiisha kuna kupura, kupura kukiisha kuna harusi, na misa ingenikuta bado nahesabu ahadi za watu. Nikaendelea kukanyaga.

Matofali nilipiga mwenyewe kwa kalibu ya mbao ya Kasimiri, nikayaanika, nikayageuza. Ukuta sikuwahi kujenga, lakini ukuta wa zamani ulikuwa umebaki kimo cha magoti, na nilifuata pale ulipoelekea. Kazi ngumu haikuwa kunyanyua tofali. Kazi ngumu ilikuwa uzi. Ukitaka mstari ulionyooka unavuta uzi, na uzi una ncha mbili. Ncha moja naishika mimi, nyingine nafunga kwenye jiwe. Nikivuta, jiwe linakuja. Naenda kulirudisha, narudi, navuta, linakuja tena. Siku moja nililipiga jiwe lile teke, nikalitukana matusi ambayo katekista asingeamini natoka kwenye nyumba ya Kikatoliki. Kisha nikakaa chini nikalia, kwa sababu Kasimiri angekuwepo angesema, "Mwache mwenzako, hajafundishwa kazi."

Paa ndilo lilinishinda kabisa kwa namna ya zamani. Lile la migongo miwili linataka kenchi, zile pembetatu za mbao za kubebea bati, na kenchi inataka watu wanne wenye kelele. Nikaamua mgongo mmoja tu, ukuta wa mbele juu, wa nyuma chini, nguzo moja moja naiburuta, naisimamisha kwa kamba. Mabati yalikuwa yale yale ya zamani. Misumari niliichomoa, nikainyoosha juu ya fuawe. Vidole viliumia, lakini mkono ulianza kuijua nyundo. Watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama kutazama. "Mama, unafuga kuku?" mmoja akaniuliza. Nikamwambia nafuga wambeya, aingie apimiwe banda.

Jioni nilikuwa nakula ugali wangu na maharage nikiwa nimeegemea ukuta mbichi. Simu hailii. Unajua nyumba ikiwa na mtu mmoja hata sufuria ndogo inakuwa kubwa. Nilipika kidogo, bado kikabaki.

Mwisho nikafika kwenye kiukuta. Mvua ilikuwa imekiacha kisiki tu. Hapo ndipo nilipofanya kazi kwa mapenzi yote. Niliukanda udongo mpaka ukawa laini kama unga uliokandwa, nikakipandisha taratibu, nikakilainisha kwa kiganja, nikapima kwa kukaa kwenye kigoda changu: kinipite kichwa, kama alivyokijenga yeye. Hata ule ubonyeo wa upande wa kulia, alipokuwa anaegemeza koleo, niliuweka. Nikatengeneza mivukuto mipya kwa ngozi za mbuzi wawili. Nilipokaa nyuma ya kiukuta nikaona udongo mtupu mbele ya pua yangu, moyo wangu ulifurahi. Nilisema kwa sauti, "Sasa tumerudi."

Anjela aliniletea jembe lake lililolika, la kujaribia. Nikawasha makaa, nikalaza jembe motoni, nikarudi kwenye kigoda changu, nikaanza kuvuta. Ee Mama, sauti ile! Fuu, fuu, fuu. Mikono ilikumbuka yenyewe. Nilifumba macho. Nikaanza kumsimulia, ndiyo, nilimsimulia Kasimiri habari za Stanley na suruali yake, za jiwe nililolipiga teke, za aliyeniuliza habari za kuku. Nikavuta, nikasimulia, nikavuta. Mabega yakaanza kuuma. Nikasema moyoni, leo chuma hiki kigumu, mbona kinachukua muda. Nikavuta.

Nilikuwa nasubiri aseme tosha.

Kilichonizindua ni mlio, kama chumvi ikitupwa motoni. Nikainuka nikachungulia juu ya kiukuta. Jembe lilikuwa linarusha cheche nyeupe, na ncha yake yote ilikuwa imeliwa, imetoboka, inadondoka ndani ya makaa. Nikalivuta kwa koleo, likakatika vipande viwili.

Sikulia siku ya mazishi kama nilivyolia pale. Siku ya mazishi kulikuwa na watu, kulikuwa na kwaya, kulikuwa na kupika. Pale palikuwa na mimi na jembe la watu lililoungua, na karakana mpya isiyo na mtu. Ndipo nilipoelewa kwamba amekufa. Nilikuwa najua, lakini sikuwa nimeelewa.

Anjela aliviokota vipande vya jembe lake, akaviunganisha mkononi. Kisha akasema, "Liliiva sana hilo." Nikaingia ndani nikamtolea jembe langu mwenyewe. Akalikataa, nikamlazimisha, akalichukua.

Asubuhi yake nilichukua shoka. Nilizunguka kile kiukuta mara kadhaa, nikikishika hapa, nikikishika pale. Nilikuwa nimejenga kosa langu kwa mikono yangu, tena kwa ufundi. Kiukuta kile kilikuwa cha mke wa mhunzi, na mhunzi hayupo. Nikakipiga. Udongo ulikuwa haujakauka vizuri, ukaanguka kwa vipande vikubwa vyenye alama za viganja vyangu. Nilivibeba nje kwa kapu, nikavimwaga, nikarudi kukaa kwenye kigoda. Joto likanipiga usoni moja kwa moja. Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa anaungua yeye kila siku.

Zilibaki siku chache kabla ya misa, na nikazitumia kujifunza kwa vyuma chakavu. Macho yalijifunza upesi: cheusi, kisha chekundu kizito, kisha rangi ya papai lililoiva, hapo ndipo pa kutoa. Taabu ilikuwa mikono. Macho yanaona papai, mikono inaendelea kuvuta. Ilizoea neno, na neno hilo lilikuwa la mtu mwingine. Nilijaribu kulisema, nikaishia nusu. Nikaacha. Vyuma viwili vikaungua, cha tatu nikakiwahi kwa kuruka kama mwehu.

Siku ya misa tulitoka kanisani, tukala kwangu, na watu wakaja mpaka karakana. Stanley alikuja na fundi wake mwenye futi ya kupimia, ameivaa shingoni. Akanisalimia shikamoo vizuri kabisa, akalizunguka jengo.

"Paa la mgongo mmoja," akasema. "Hili si banda la kuku?"

"Kuku hawafui majembe. Ingia, simama pale. Na hiyo fuawe usiikalie."

Wazee wawili wa ukoo waliketi mlangoni. Anjela akapenya kati yao na jembe mkononi. Lilikuwa lile lile nililomlazimisha achukue, na lilikuwa butu kweli.

"Anjela, hili si nililokupa? Na la kwanza nilikuchomea!"

"Nisipoleta mimi nani atakuletea?"

Nikalaza jembe kwenye makaa, nikakaa, nikashika mivukuto. Hakuna aliyesema "Haya." Nikaanza tu.

Cheusi. Upepo unapiga bati. Chekundu. Uso unaniwaka, jasho linaingia machoni, sipangusi, mikono imeshikwa. Stanley alisimama pale ambapo kaka yake alikuwa akisimama, kwa kimo kile kile, mabega yale yale, na nilimchukia kwa hilo kuliko kwa mambo ya ghala. Rangi ya papai ikaja. Mikono ikavuta. Nikaiambia moyoni iache, ikavuta tena. Ncha ya jembe ikaanza kuwa nyeupe.

"Tosha!" nikasema.

Sauti ilitoka kubwa, ikagonga bati. Mikono ikaacha papo hapo.

Stanley akageuka kutazama nyuma yake. "Unaongea na nani, shemeji?"

"Na mimi."

Nikanyanyuka, koleo mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia, jembe juu ya fuawe. Pigo la kwanza lilikwenda pembeni. La pili likakaa. Nilipiga kama nilivyosikia miaka yote upande wa pili wa udongo, mawili mazito na moja jepesi, na ncha ikatanuka, ikakaa nyembamba. Nikalirudisha motoni, nikavuta, nikasema tosha, nikapiga tena. Kisha nikalitumbukiza kwenye maji, likapiga kelele, likapoa.

Stanley alilishika, akaligeuza. "Limepinda."

"Litalima," nikamwambia.

Mzee mmoja akalichukua, akapitisha kidole kwenye makali, akamrudishia Anjela. Akamwambia Stanley, "Baba, mwambie fundi wako atie futi yake mfukoni." Basi, ikawa imekwisha hivyo. Stanley aliniaga kwa adabu. Fundi wake ndiye aliyeniuliza kama natengeneza na mapanga.

Wakaondoka wote. Anjela alisema atarudi kesho, na najua atarudi, lakini kesho ni kesho. Nilibaki na karakana yangu, mpaka nife, kama walivyosema. Palikuwa kimya sana. Makaa yalikuwa bado mekundu, na pembeni kulikuwa na mundu wa Kasimiri wa kuvunia ulezi, umepata kutu, hakuwahi kuunoa kabla hajafa. Nikaulaza motoni. Nikakaa kwenye kigoda, nikashika mivukuto, nikasubiri kidogo kwa mazoea.

"Haya," nikasema, nikaanza kuvuta.