Saa Ishirini na Nne za Angeline

Muhirwa wa Rubondo alikuwa na ng'ombe arobaini, na wote waliishi ndani ya watsapu.

Ilikuwa hivi. Watu watano walikuwa wanaandika hadithi moja kwa zamu, kila mmoja na mtu wake wa kubuni. Wa Muhirwa aliitwa Rutare, aliyefiwa na mke kama yeye, mwenye ng'ombe wa pembe ndefu, kila mmoja na jina. Ng'ombe wa kweli Muhirwa aliwaacha Kivu ya Kusini, na mke akamzika hapahapa Rubondo, kwenye kambi ya wakimbizi. Hao wa simu ndio waliobaki.

Mkubwa wa kundi, Angeline, alikaa Mbarara mjini, fasi ambayo umeme unatoka ukutani. Ndiye aliyeweka sheria: zamu yako ikifika, una saa ishirini na nne. Ukichelewa unarukwa, na anayefuata anamfanya mtu wako anavyotaka. Kilichoandikwa hakifutwi. Ndivyo wakubwa walivyo. Wanaweka saa bila kuuliza kama jua la Rubondo limewaka.

Wiki ile halikuwaka. Mawingu siku tatu, na ile sola ya kuchajia simu kule Misiera, kijiji jirani kambini, imelala kama mbuzi mgonjwa. Simu ilipofufuka, Muhirwa alikuta amerukwa, na Perpétue, mjane wa Kirundi wa Juru, mwenye vidole vyepesi, amekwisha kumwoza Rutare. Bibi harusi ni mtu wa Perpétue mwenyewe, mwanamke mrefu aitwaye Nyirabahire. Mahari: ng'ombe thelathini na tisa. Wawili waliofuata wakabariki ndoa.

"Ameniachia dume moja, tena linachechemea!" Muhirwa akafoka.

Kesho yake alikuwa Mbarara, kwenye kibanda cha Angeline cha kushona nguo, kofia mkononi, hasira mdomoni.

"Mama, ongeza masaa. Weka siku ine."

"Papa Muhirwa, nikikupa ine, Perpétue ataomba nane. Hadithi itaoza."

"Bakubwa muko namna moja. Munakula saa za batu."

"Kaa chini, Papa. Angalia hapa."

Zamu ilikuwa ya Mihigo, kijana wa Base Camp, naye alikwisha kutangaza: kwenye karamu, wakwe watachinja ng'ombe wote thelathini na tisa.

"Amebakiza dakika kumi na nane," Angeline akasema. "Asipotuma, zamu ni yako."

Ng'ombe aliyeliwa harudi, hata kwenye watsapu. Palepale Muhirwa, aliyetoka Rubondo kuilaani saa ya Angeline, akaanza kuipenda.

Juu ya kioo pakatokea: Mihigo anaandika.

Muhirwa akampigia.

"Mihigo mwanangu! Jambo."

"Jambo Papa. Niko na haraka ki—"

"Mama anaendelea aje?"

Hakuna kijana wa kwao anayemkatia simu mzee anayemsalimia mama yake.

"Muzuri, Papa."

"Na baba?"

"Muzuri."

"Na goti yake?"

"Goti? Iko... iko muzuri."

"Na batoto?"

"Papa, miye sijaoa!"

"Mungu atakupa. Na ba dada yako? Anza na mukubwa."

Angeline akauma kitambaa asicheke. Salamu zikapita kwa dada, zikaingia kwa mashemeji, zikashuka shambani kuuliza maharage. Zilipofika kwenye kikohozi cha mchungaji, Angeline akainua mkono.

"Saa imekwisha! Mihigo amerukwa."

"Basi salimia bote," Muhirwa akasema, akakata.

"Huo ni wizi, Papa."

"Hapana. Ni adabu."

Akaandika kwa kidole kimoja. Ng'ombe walikumbuka majani ya kwao, wakavunja zizi la wakwe, wakarudi wote, Rutare akiwaita kwa majina. Akataka kutuma, kidole kikakataa. Mahari ikirudi, mke naye anarudi kwao. Na yule Perpétue alikuwa ameandika kitu kibaya sana: kwamba asubuhi ya kwanza Nyirabahire aliona shati la Rutare halina kifungo, akashona kingine. Miaka minne hakuna aliyeangalia vifungo vya Muhirwa.

"Mama, ongeza siku mbili. Kuna jambo la kufikiri."

"Saa ishirini na nne, Papa."

"Unaona! Bakubwa!"

Kwa hasira akaongeza mstari mmoja: nyuma ya ng'ombe alikuja Nyirabahire, fimbo begani, akiwahesabu, maana mwanaume wake haaminiki kwa hesabu. Akatuma.

Angeline akasoma, akatoa macho. "Papa! Ng'ombe umerudisha, na mke umebaki naye? Wakwe watapata nini?"

"Bangojee. Bakwe banajua kungoja. Ni nyie bakubwa ndio hamujui."

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Perpétue, na tayari alikuwa anaandika. Muhirwa akavuta kiti karibu na simu.