Nani Alifunga

Siku za mechi Sindano hufunika cherehani yake saa saba kasoro robo. Huokota pini zilizoanguka sakafuni kwa sumaku aliyoifunga kwenye kamba, hukunja sare za shule ambazo hazijatiwa vifungo, huvaa jezi ya zambarau juu ya gauni, kisha huchukua mito miwili ya kukalia. Mmoja ni wake. Wa pili una ua lililodariziwa pembeni, nao ni wa mavyaa yake, aliyefariki mwaka juzi, siku ya mechi ya mwisho ya msimu.

Jina la Sindano alipewa jukwaani, na halikutokana na ushonaji. Siku moja alimwambia mshika kibendera alete kile kitambaa amshonee leso, maana matumizi yake mengine ilionekana hayajui. Jukwaa zima lilicheka, na tangu hapo hata wateja wake walisahau jina alilozaliwa nalo.

Aliingia katika ushabiki kwa mlango wa ndoa. Mumewe, fundi wa majokofu, hakuwahi kuupenda mpira, lakini mama mtu aliupenda kuliko usingizi. Mwezi wa kwanza wa ndoa mavyaa alikuja Jumamosi na jezi ya ziada mkononi, akasema huyu mwanawe amemshinda, sasa anajaribu kwa mke wa mwanawe. Watu husema mavyaa na mkaza mwana hutazamana kwa jicho la pembeni. Hawa wawili walikaa bega kwa bega miaka kumi na saba wakitazama upande mmoja, hivyo hawakupata nafasi ya kutazamana vibaya.

Mavyaa alijua sheria zote za mchezo. Jukwaani walimwita Refa Mstaafu. Yeye ndiye aliyemfundisha Sindano kwamba mchezaji ana miguu yake, kocha ana benchi lake, na mwamuzi ana kipenga, lakini shabiki hana chochote isipokuwa koo na subira. Sindano aliyapenda maneno hayo kabla hajayaelewa. Baadaye alifikiri kwamba ushabiki ni kumpenda mtu asiyekujua kwa jina, na kuumwa tumbo wiki nzima kwa ajili ya mguu wa mtu mwingine. Hakuona aibu. Alikuwa amekwisha kuona watu wanaougua kwa mambo madogo zaidi.

Siku ile ya mechi ya mwisho timu zilikuwa hazijafungana. Mwamuzi wa nne aliinua kibao cha dakika nne. Hizo ni dakika anazoongeza mwamuzi kufidia muda uliopotea wakati wachezaji walioumia wakihudumiwa, na ndiyo maana huitwa dakika za majeruhi. Mavyaa alichukua mto wake akasema anatangulia polepole kwa sababu ya magoti, wakutane nje kwa muuza maji. Akashuka ngazi za kuelekea Mlango wa Tatu pamoja na wengine waliotaka kuwahi kutoka. Dakika ya tisini na tatu Namba Tisa aliruka juu ya mabeki wawili akafunga kwa kichwa. Sindano alimkumbatia Kinyozi, ambaye hukaa nyuma yake, wakarukaruka hadi kiatu kikamvuka. Kule chini waliosikia kelele waligeuka ili warudi kuona, waliokuwa juu walizidi kushuka, na mlango ulikuwa umefungwa. Walikufa watu kumi na mmoja. Mto ulirudishwa nyumbani pamoja na kiatu kimoja.

Timu ilichukua mapumziko ya msimu, kisha ligi ikaanza tena. Mumewe alimwuliza Sindano kama kweli ataweza kukaa pale. Alijibu kwamba hajui mahali pengine pa kukaa Jumamosi.

Katika mechi ya kwanza kibao kilionyesha dakika nne. Mara kilipoinuliwa, mavyaa alikuja akaketi mahali pake. Alivaa gauni lile lile na kiatu kimoja. Wale wengine kumi nao walikuwa wanapanda ngazi, kila mmoja akienda kwenye kiti chake, na waliokuwa wamevikalia waliinuka wakawapisha, kama mtu anavyompisha aliyekwenda kununua maji akarudi. Kinyozi alivuta magoti yake pembeni.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Kichwa chako mwenyewe nani anakunyoa, mbona kimekuwa hivyo?"

Kisha akamgeukia mkaza mwana wake, akataka kujua kama paa la jiko bado linavuja. Sindano alisema linavuja. Mavyaa alisema simenti ya jukwaa ina baridi, mto wake uko wapi? Sindano akaahidi kuuleta. Zilipobaki sekunde chache mavyaa aliuliza, "Nani alifunga?"

Sindano alielewa anaulizia siku ile. Alimwambia ni Namba Tisa, kwa kichwa. Mavyaa alitikisa kichwa, mwamuzi akapuliza kipenga, na viti kumi na kimoja vikawa vitupu.

Nyumbani mumewe alikuwa ameosha vyombo. Aliuliza mama anasemaje. Sindano alisema anaulizia paa. Jumapili asubuhi mumewe akaazima ngazi.

Ikawa hivyo kila mechi ya nyumbani. Sindano alianza kuwapenda wachezaji wanaoumia. Beki akilala chini ameshika kifundo cha mguu, jukwaa lilizomea kwamba anapoteza muda, na yeye alihesabu kimoyomoyo kwamba hiyo ni dakika nzima. Siku moja mlinda mlango wa wageni alikaa chini muda mrefu hadi zikaongezwa dakika saba, na mavyaa akapata nafasi ya kueleza kwa kirefu jinsi alivyompata mwanawe. Na kila mara, mwisho, aliuliza nani alifunga. Sindano alijibu vilevile. Alidhani marehemu husahau.

Katika mechi ya tano mavyaa aliweka mkono juu ya goti la Sindano.

"Mwanangu, goli nililisikia. Mimi nakuuliza mlango."

Akamweleza kwamba kipenga kikilia hawapotei. Hushuka ngazi, husimama mbele ya Mlango wa Tatu na kusubiri, hadi kibao kingine kiinuliwe. Hawakuwa na ubaya na mtu. Walitaka kwenda zao, ila hawajui watapita wapi, kwa kuwa mtu hutoka kwa mlango aliouendea. Kama wangemjua aliyefunga, wangemwomba afungue.

Jumatatu Sindano hakufungua kibanda chake cha ushonaji. Alikwenda ofisi ya klabu, chumba chenye makombe ndani ya kabati la kioo na feni iliyoelekezwa kwenye meza ya Katibu. Katibu alimsikiliza hadi mwisho. Kwamba marehemu huja mpirani hakulibishia, hata yeye alikuwa akiwaona kutoka jukwaa la wageni wa heshima. Alitaka kujua tu kama huingia na tiketi. Sindano alisema hawaingii, hawajatoka. Katibu aliona jibu hilo lina mantiki, akaliandika.

Kisha akatoa jalada la mchezo ule. Palikuwa na safu ya majina, safu ya kadi, na safu yenye kichwa *Aliyefunga*. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: Namba Tisa, dakika ya tisini na tatu. Nyuma yake ilibanwa taarifa ya kamati ya uchunguzi, kurasa nne. Kuhusu mlango ilisema: *Mlango wa Tatu ulikuwa umefungwa.* Sindano aliisoma sentensi hiyo mara tatu, akimtafuta mtu ndani yake.

"Hapa hapana mtu," alisema.

"Mlango ule hufungwa dakika ya themanini na tano, dada yangu. Magari ya waheshimiwa hupita nje yake, yasisongwe. Ni utaratibu."

"Nani hufunga?"

"Hufungwa."

"Hata sasa?"

"Utaratibu haujabadilika."

Alimshauri aandike barua. Sindano aliandika, kwa mwandiko wake mzuri wa sekondari, akiomba mlango uachwe wazi katika dakika za majeruhi pekee. Alijibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Jibu halikusema na nani.

Mechi ya mwisho ya msimu uliofuata, timu ya zambarau ilihitaji ushindi ili ichukue kombe. Hadi dakika ya tisini hakuna aliyeona nyavu. Kibao kilionyesha dakika sita. Marehemu wakaja, wakaketi. Sindano alimwangalia mavyaa akiweka vizuri mto wake, kisha yeye mwenyewe akasimama juu ya kiti, akaupa uwanja kisogo, na kulielekea jukwaa la wageni wa heshima.

"Fungua!" aliita.

Kinyozi alisimama naye. Watu wa safu yao, ambao wote walijua habari za mlango, wakaitikia. Wale kumi na mmoja wakaitikia. Neno likazunguka uwanja, safu kwa safu, likifika kwa watu wasiojua habari zozote za mlango, hadi watu elfu ishirini wakawa wanasema kwa sauti moja fungua, fungua, na vioo vya jukwaa la wageni vikatetemeka.

Mtangazaji wa redio aliwaambia wasikilizaji kwamba mashabiki wamechoka na mchezo wa kujilinda, wanamtaka kocha aifungue timu. Kocha naye alisikia hivyo hivyo. Alimtoa beki akamwingiza winga mfupi mwenye mbio. Dakika ya tisini na tano winga alikimbia hadi pembeni, akaumimina mpira katikati, na Namba Tisa akafunga.

Sindano aliruka. Alimkumbatia Kinyozi kwa namna ile ile ya mwaka ule, mikono ile ile, kiatu kikamvuka kama siku ile. Kiatu kilipoanguka ndipo alipokumbuka alichokuwa anakiomba. Aligeuka taratibu. Mavyaa alikuwa amesimama, mikono miwili kichwani, mdomo wazi.

"Nani amefunga? Macho yangu unayajua."

"Namba Tisa, mama."

"Kwa kichwa?"

"Mguu wa kushoto."

"Afadhali. Mguu ule nilikuwa nauonea mashaka."

Walikuwa wameshikana mikono kipenga kilipolia. Nje, magari ya waheshimiwa yalipita moja baada ya jingine, vioo vimepandishwa, na Mlango wa Tatu ulikuwa umefungwa.

Klabu ilimwandikia Sindano barua ya shukrani kwa kuongoza wito ulioleta kombe. Ilieleza pia kwamba, kwa kuenzi mabao mawili ya kihistoria, na kwa kuwa familia za waliofariki zimekuwa zikiomba jambo lifanyike kuhusu Mlango wa Tatu, uongozi umeamua kuupa mlango huo jina.

Wiki moja kabla ya msimu mpya, Namba Tisa alifika kibandani. Alikuwa mrefu kuliko alivyoonekana kutoka jukwaani, na alibaki amesimama ingawa palikuwa na kigoda. Alitoa jezi mfukoni akauliza kama namba inaweza kufumuliwa.

"Una nini na tisa, kaka?"

"Sijui kama umeuona mlango. Wameandika jina langu, wameandika *aliyefunga*. Mwanangu wa darasa la pili anajua kusoma. Ameniuliza kwa nini niliwafungia watu."

Alikwenda ofisini kuomba neno libadilishwe, wakamwambia hiyo ni heshima yake, asiikatae. Sindano alichukua wembe wa kufumulia, akakata uzi mmoja mmoja, na alipomaliza akapiga pasi. Namba ilikuwa imetoka, lakini chini yake kitambaa hakikuwa kimepigwa na jua, hivyo palibaki tisa nyingine, yenye rangi iliyokolea zaidi. Namba Tisa aliitazama, akaikunja, akashukuru.

Katika mechi ya kwanza ziliongezwa dakika tatu. Sindano alimwambia mavyaa kwamba paa sasa halivuji hata tone. Mavyaa alisema mwambie mumeo ahsante, na aangalie kucha zake, alikuwa akizing'ata tangu utoto. Kipenga kilipolia Sindano hakugeukia mlango wa kwanza kama kawaida. Alikamata mkono wa mavyaa, ambao haukuondoka kwenye kiganja chake, akashuka naye ngazi ishirini na sita, goti baya likitangulia.

Wale kumi walikuwa wamekwisha kujipanga. Mlango ulikuwa umepakwa zambarau, na kufuli, jipya na kubwa kuliko la zamani, lilipakwa zambarau pia. Juu yake maandishi meupe yalisema: *Mlango wa Namba Tisa, Aliyefunga Dakika ya Tisini na Tatu.* Mavyaa aliyasoma kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyozoea kusoma magazeti ya michezo. Ncha ya kidole ikawa nyeupe.

"Mtoto wa watu huyu hakufunga," alisema.

"Hakufunga, mama."

"Sasa ni nani?"

Sentensi pekee aliyokuwa nayo Sindano ni ile ya kamati, na haikuwa na mtu ndani yake.

Kutoka upande wa pili, bawabu aliwaomba kwa adabu wasiegemee, rangi imerudiwa leo, haijakauka. Wale kumi na mmoja wakarudi nyuma hatua moja, wakaendelea kusubiri. Sindano alimwekea mavyaa mto wake penye kivuli, akachukua wa kwake, akapanda ngazi kwenda kutokea mlango wa kwanza.