Kiapo cha Nahodha Swedi

Rumonge nzima ilijua kwamba Swedi anakunywa. Aliadhini kwa sauti tamu kabisa, kisha akaenda zake Kizuka kujijaza urwarwa, ile pombe ya ndizi, na kurudi akitafuna karafuu. Watu wa msikiti walimsitiri. Walimsitiri mpaka siku ile alipoipandisha mashua yake ya mawese juu ya mtumbwi wa mvuvi Uledi, mchana kweupe, ziwa limetulia, naye nahodha anaimba. Uledi mwenyewe wakamwopoa jioni, maiti.

Mke wa Uledi, Mwamini, hakutaka pole ya mtu. Alitaka Swedi alipe, basi.

"Usijipe moyo, dada," askari mmoja wa Wadachi, wale Wajerumani waliotawala, alimwambia. "Bwana Shauri akisikia pombe, husema akili haikuwepo. Yule mlevi wa Muhuta aliua, akachapwa viboko, akarudi kwake. Mnyororo ni wa mwenye akili timamu."

Loh! Viboko, halafu aje kumwadhinia yeye mjane? Mwamini aliyatafuna maneno hayo mpaka siku ya baraza.

Bwana Shauri, hakimu wa Kidachi, alikuja kutoka Usumbura, akaketi na mkalimani wake. Msikiti mzima ulikuwepo. Wote walingoja mjane apige kelele za mlevi, mlevi. Mwamini akasimama, macho makavu.

"Bwana, huyu hakulewa. Ndiye mwadhini wetu, pombe haijui. Mpe msahafu aseme mwenyewe, mbele ya wazee wake."

Swedi akadhani amesamehewa. Mjinga we! Akawatazama wazee, akamtazama mwalimu wa msikiti aliyekuwa karibu kumpa binti yake amwoe, akakamata msahafu na kuapa kwamba tone la pombe halijapita kooni mwake tangu azaliwe.

"Basi mtumbwi uliuona," mkalimani akafasiri maneno ya Bwana Shauri. "Uliuona, ukaupanda. Umeua kwa akili yako. Miaka kumi, mnyororo."

Hapo Swedi akapiga yowe.

"Nililewa! Wallahi nililewa chakari, Bwana! Waulize hawa!"

Waulizwe nani? Msahafu ulikuwa bado mkononi mwake. Mwalimu akamnyang'anya, akaufuta kwa kanzu yake.

"Sisi hatujapata kuwa na mwadhini mlevi," akasema, na wazee wote wakaitikia.

Walipompitisha na chuma shingoni kwenda gereza la Bwana Shauri, alimlilia Mwamini aseme kweli, amwogope Mungu. Mwamini alimtazama vizuri, moyo wake mweupe, bila haya hata chembe.

"Kaadhini Usumbura," akamwambia.