Nailoni ya Gari Jekundu

Tangu binti yao wa mwisho apige simu na kutaja bei, Bwana Kaseti alikuwa hali akashiba wala halali akapumzika. Lile gemu la mbio za magari, lenye picha ya gari jekundu likikata kona, kumbe kuna watu wazima na akili zao wanalitafuta kwa udi na uvumba! Likiwa limefunguliwa, ni bei ya jozi ya viatu. Likiwa bado ndani ya nailoni yake ya kiwandani, ni bei ya nyonga.

Nyonga yenyewe ilikuwa ya mkewe, ya upande wa kushoto. Ilikuwa imelika hadi ngazi tatu za mlangoni alizipanda kwa vituo, kama mtu anayesafiri. Daktari alishasema itolewe, iwekwe ya chuma. Kilichokosekana ni fedha tu, na fedha hiyo sasa ilikuwa ndani ya boksi lisilozidi ukubwa wa kitabu, mabaki ya duka lao la kuuza na kukodisha kanda na magemu, lililofungwa miaka mingi iliyopita.

Basi boksi likawa mgonjwa wa pili wa nyumba. Alilitoa kabatini akiogopa joto, akaliweka uvunguni, akaogopa unyevu. Akalizungushia taulo na kulipandisha juu ya kabati la nguo, akaanza kuota linaanguka.

"Mimi ndiye ninayeumwa," mkewe alimtania, "lakini anayeuguzwa ni huyo aliye kwenye taulo."

Bwana Kaseti alicheka kidogo. Joto na unyevu vilikuwa visingizio. Kilichomnyima raha ni jambo alilolijua yeye na mkewe peke yao. Enzi za duka, gemu lililorudishwa na mteja likiwa bado safi lilivalishwa nailoni upya. Mkewe ndiye aliyekuwa na mkono wa kazi hiyo: anakata, anakunja pembe, anapitisha pasi juu ya kitambaa, na boksi linang'aa kama limeshuka jana kutoka kiwandani. Hawakumwambia mteja kwamba ni jipya, wala hawakumwambia kwamba limetumika. Mteja aliangalia nailoni akaamua mwenyewe. Maduka yote yalifanya hivyo, alijiambia, ingawa duka alilolijua kwa ndani ni lake tu.

Sasa hili je? Ni nailoni ya kiwanda, au ya pasi ya mama watoto? Alilimulika kwa tochi kila pembe mpaka macho yakamwuma, asipate jibu. Na kumwuliza mkewe hakuthubutu, kwa sababu mama yule akiulizwa hujibu, tena hujibu yote. Alimwambia tu kwamba gemu la zamani limepata mteja. Mke alijua gemu linauzwa. Hakujua kwamba kinachouzwa hasa ni nailoni.

Mnunuzi alifika Jumamosi asubuhi. Alikuwa mwembamba, mpole, na kabla ya kugusa chochote alivaa glavu nyeupe. Akaomba pazia lisogezwe, akatoa kioo cha kukuzia, akainama juu ya boksi kwa muda mrefu kiasi kwamba Bwana Kaseti alisahau kupumua.

"Ya kiwandani," alisema mwishowe. "Mshono umenyooka, pembe zimekaa. Safi kabisa, mzee." Akaweka bahasha nene mezani.

Hapo ndipo mkewe alipotokea mlangoni na fimbo yake. "Karibu, baba. Mbona mnaangalia kwa nje tu? Hamlifungui?"

"Aa, mama, lisifunguliwe kabisa!" mnunuzi alisema huku akicheka. "Mimi nalipia hii nailoni. Gemu lenyewe wala sitalicheza."

"Nailoni?" Mama naye akacheka. "Basi hela hiyo ni yangu. Nailoni za duka letu nilikuwa nafunga mimi."

Bwana Kaseti alihisi damu ikimhama usoni. Mnunuzi alimgeukia taratibu. "Ni kweli, mzee?"

Uongo ulikuwa umeshamfika kwenye ncha ya ulimi. Mke wangu anachanganya mambo, umri huo. Maneno machache tu. Akamtazama mkewe alivyoegemea fremu ya mlango ili kuupumzisha ule upande, akaona aibu ya kumwita mpungufu wa akili mbele ya mgeni.

"Alikuwa anafunga," alisema. "Ila hili, haki ya Mungu, sijui."

Mnunuzi alirudisha kioo jichoni. "Mimi bado naona ni ya kiwandani."

"Ndivyo ulivyotakiwa uone," mama alisema, na maringo kidogo yalisikika. Alijivuta hadi kwenye kiti, akalichukua boksi, akapitisha kidole gumba kwenye pembe. "Mkunjo huu ni wangu. Mtu hawezi kusahau kazi ya mkono wake."

"Tunaweza kuwapelekea wataalamu walikague bila kulifungua," mnunuzi alisema. "Itachukua miezi kadhaa, lakini—"

"Sawa!" Bwana Kaseti alidakia. "Tusubiri wataalamu!"

"Wataalamu wa nini, na aliyefunga niko hapa? Kila nililofunga nilitia nukta ya wino ndani ya kifuniko, nisije nikalifunga mara mbili. Nitawaonyesha sasa hivi. Sitaki nyonga ya kumwibia mtoto wa mwenzangu."

"Mama watoto, ngoja kwanza!"

Ukucha ulikuwa umeshaingia. Nailoni ilipasuka kutoka pembe hadi pembe.

Mama aliinua kifuniko. Akakisogeza karibu na macho, akakielekeza dirishani. Akafungua na cha upande wa pili. Nukta haikuwepo. Ndani, kijitabu kilikuwa bado kinanuka wino, na kaseti ya gemu ilikuwa kwenye mfuko wake mdogo, gundi yake haijawahi kubanduliwa.

Mnunuzi alivua glavu. "Lilikuwa lenyewe," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani. Alirudisha bahasha mfukoni, akatoa noti chache, bei ya lililofunguliwa, akaziweka mezani bila kumtazama mtu.

Bwana Kaseti alikasirika, na hakujua amkasirikie nani. Wiki mbili nzima aliukimbia ukweli, kumbe ukweli ulikuwa upande wake. Angemwuliza mkewe mapema, wakae wawili, wamwombe binti yao awatafutie wataalamu kabla mgeni hajafika. Sasa hakuwa na la kumwuliza mtu.

Mkewe alikuwa ameokota nailoni na kujaribu kuirudisha kwenye pembe, anaikunja, inafunguka, anaikunja tena.

"Yaani mkono wangu," alisema polepole, "ulifanana na kiwanda?"

"Kama ulifunga hivi, mama," mnunuzi alijibu akiwa mlangoni, "hakuna mtu ambaye angetofautisha."

Mama alianza kutabasamu. Tabasamu halikufika popote.

"Hata mimi," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.