Mfuta Kioo wa Kidato cha Nne

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa ofisi kwa gundi ya unga wa ngano, na Hanna alilisoma mara tatu kabla ya kukaa kwenye benchi. Ilikuwa Jumatatu ya mwisho ya Julai, mwaka 1999, saa moja na robo asubuhi, na ukungu wa Meru ulikuwa bado umeikalia migomba inayoizunguka shule. Shule yenyewe ilikuwa ya wazazi, juu kabisa Akheri, imejengwa kwa mawe ya mto wakati watu walipoambiwa kwamba sasa kila mtu ajijengee sekondari yake na walimu ajitafutie mwenyewe. Tangazo lilisema hivi: anatakiwa mwalimu wa muda wa Hesabu, Kidato cha Nne. Nafasi hii ni kwa wanafunzi wa chuo kikuu walio likizo. Mwombaji awe na stashahada ya ualimu na uzoefu wa kufundisha usiopungua miaka mitatu.

Hanna alikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akisoma Hesabu na Fizikia. Alijaribu kumpata kichwani huyo mwanafunzi anayetakiwa, aliyekuwa mwalimu kabla hajawa mwanafunzi, akamkosa. Labda wameandika tu, alijiambia. Watu wa ofisi huandika mengi.

Mkuu wa shule, Mwalimu Ndesanjo, alikuwa Mchagga wa Marangu, mstaafu wa serikali, mwenye koti la kijivu na adabu nyingi. Alimkaribisha ndani. Kulikuwa na viti viwili vya waombaji, na kimoja kilikuwa kimekaliwa na cheti. Kilikuwa kwenye fremu ya mbao yenye kioo, na pembe za chini za fremu zilikuwa na tope bichi, maana kilikuwa kimetoka kijiji cha Maji ya Chai tangu alfajiri na njia ilikuwa ya utelezi.

"Shikamoo," Hanna alikiambia, kwa kuwa kilikuwa cha mwaka 1974 na kilimzidi miaka mitatu.

Cheti kilikuwa cha stashahada ya ualimu ya Reginald, aliyewahi kufundisha miaka kumi na miwili, kisha biashara zilipofunguliwa akatupa chaki na kwenda Mererani kutafuta tanzanaiti. Cheti alikiacha sebuleni kwa mama yake. Kilining'inia pale hadi kilipochoka, kikateremka ukutani kwenda kutafuta kazi. Wengi wameteremka kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Usaili haukumaliza dakika kumi. Hanna aliulizwa stashahada yake iko wapi, akasema hana. Akaulizwa uzoefu, akasema amewahi kufundisha watoto wa shule ya Jumapili. Cheti hakikuulizwa kitu. Mwalimu Ndesanjo alikisoma kutoka juu hadi chini, akasimama, akakipa mkono.

"Lakini kimeandikwa Siasa na Kilimo," Hanna alisema. "Somo la Siasa lenyewe halipo tena."

"Binti, hatuajiri somo," alijibu mkuu kwa upole. "Tunaajiri sifa."

Cheti kilianza kazi siku hiyo hiyo. Kiliwekwa juu ya meza ya mwalimu, kikaegemezwa kwenye boksi la chaki, na wanafunzi thelathini na wanane wakasimama na kukiamkia. Walingoja kuambiwa wakae. Walipoona kimya wakakaa wenyewe. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu mwalimu wa kabla yake alikuwa akipiga, na wa kabla ya huyo aliondoka katikati ya kipindi kwenda kuuza mitumba Arusha mjini.

Hanna angeweza kumezea, kama si Prisca. Prisca alikuwa mdogo wake, alikuwa katika darasa lile, na mtihani wa taifa ulikuwa Novemba. Jioni ya Alhamisi alimkuta jikoni akichora kitu kwenye daftari la Hesabu.

"Leo mmesoma nini?"

"Muhuri," alisema Prisca.

"Na jana?"

"Sahihi ya mkuu wa chuo. Ina kona nyingi hiyo, dada, we acha tu."

Hanna alilipekua daftari. Kurasa nne zilikuwa zimejaa nembo ya mwenge, mihuri na jina la Reginald kwa hati nzuri. Alitaka kulitia lile daftari motoni, akakumbuka kwamba daftari halina kosa.

Mama yao aliweka chini ungo wa maharage, akatoka hadi mpakani mwa shamba, akakata jani la isale na kulifunga fundo. "Kesho tunampelekea huyo mkuu," alisema. "Mchagga akiletewa isale hakatai. Sisi Wameru wenyewe hatukatai."

"Mama, isale ni la kuombea msamaha. Nimemkosea nini mimi?"

"Tutajua huko huko."

Kesho yake Mwalimu Ndesanjo alipoliona lile jani alisimama, akavua kofia, akalipokea kwa mikono miwili. Machozi yakamlengalenga. Kila anayetoka milima hii anajua kwamba isale likishafika mkononi, kinyongo hakina pa kukaa.

"Nimekusamehe, binti yangu," alisema. "Kuomba kazi bila sifa si jambo dogo. Lakini nimekusamehe kabisa, na bodi nayo nitaiomba isamehe."

Mama Hanna alishukuru, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, kisha akarudi. "Na kazi je, mwalimu?"

"Mama, isale linaondoa kosa. Haliongezi sifa."

Hanna alipiga hesabu. Ameingia hana kosa, anatoka amesamehewa, na kazi hana. Lakini mkuu wa shule alikuwa bado analiangalia lile jani, na moyo wake ulikuwa laini.

"Ila kuna jambo," alisema. "Mwalimu wetu anatembea sana, kioo kinashika vumbi, na wanafunzi wa nyuma hawamsomi vizuri. Anatakiwa mtu wa kumfuta. Kazi hiyo haina masharti."

"Nikiwa namfuta, naweza kuongea?"

"Kuongea hakujakatazwa."

"Na kuandika ubaoni?"

"Ilimradi mwalimu mwenye sifa yumo darasani."

"Na mwisho nitapata barua ya uzoefu?" Hilo ndilo alilolitaka kuliko yote. Bila barua, kila mlango ungemuuliza swali lile lile mpaka azeeke.

"Barua utapata," alisema Mwalimu Ndesanjo, na alikuwa mtu wa kutimiza ahadi.

Hivyo kwa wiki kumi Hanna alifuta kioo kwa mkono wa kushoto na kuandika kwa wa kulia. Alianza na hesabu za sehemu, kwa sababu aligundua hata sehemu hawazijui. Milinganyo ikafuata, kisha pembetatu. Mteremko aliufundisha kwa kuwatoa nje kupima shamba la kahawa lililo chini ya shule, na cheti akakibeba kwapani ili kanuni isivunjwe. Walimwita Dada Mfutaji. Saa kumi jioni, shule ikifungwa, ishirini kati yao walibaki kwa hiari, na cheti kikabaki nao. Hakikumkatiza hata mara moja. Wapo walimu wenye damu na nyama wasio na uungwana huo.

Mwezi Septemba Reginald mwenyewe alikuja. Mererani ilikuwa imemtafuna na kumtema. Alikuwa na kikohozi na viatu visivyofanana, na aliomba kurudi kwenye ualimu.

"Cheti chako kiko wapi?" aliuliza Mwalimu Ndesanjo.

"Si kile pale, darasani?"

"Kile kimeajiriwa, ndugu yangu. Wewe umekuja na nini?"

Reginald alisimama dirishani kidogo akakitazama cheti chake kikifundisha. Kisha akaomba maji ya kunywa, akateremka zake kwa njia ya Nkoaranga.

Wiki iliyofuata alikuja mkaguzi. Alikaa nyuma kwa dakika themanini, akaandika: "Mwalimu analimudu somo na darasa limetulia. Mfuta kioo anasemasema sana."

Oktoba Hanna alirudi chuoni na barua yake kwenye bahasha iliyofungwa, kama ilivyo desturi. Aliivumilia hadi Dar es Salaam, akaifungua akiwa amekaa kitandani bwenini. Ilisema kwamba Hanna Anaeli alifuta kioo kwa muda wa wiki kumi, kwa uaminifu, bila kukivunja. Alikasirika hadi akalia. Baadaye aliiweka kwenye faili moja na matokeo yake, kwa sababu barua ni barua.

Matokeo ya Kidato cha Nne yalipotoka, thelathini na mmoja walifaulu Hesabu, jambo ambalo shule ile haikuwahi kuliona. Prisca alipata B. Kanisani, kwenye mnada wa sadaka, wazazi walinunua mkungu wa ndizi na jogoo mwekundu kwa ajili ya mwalimu wa Hesabu, wakavipeleka shuleni, wakaviweka mbele ya cheti. Bodi ikakipandisha kuwa makamu mkuu wa shule.

Julai iliyofuata Hanna alikuwa amemaliza shahada yake, na tangazo jipya lilikuwa mlangoni. Anatakiwa mhitimu mpya wa chuo kikuu, mwenye uzoefu wa miaka mitano. Alicheka peke yake kwenye benchi, kicheko kisicho na furaha, akaingia.

Safari hii cheti kilikuwa upande wa pili wa meza, kwenye kiti cha katikati, na Mwalimu Ndesanjo pembeni yake. Hanna alikiamkia. Alitoa shahada ya Hesabu na Fizikia, bado inanukia wino, kisha barua.

"Shahada ni nzuri, lakini si ya ualimu," alisema mkuu kwa masikitiko ya kweli. "Na uzoefu huu ni wa kufuta."

"Mwalimu, unajua nani aliwafundisha wale watoto."

"Najua, binti yangu," alisema, akakitazama cheti kwa heshima. "Wote tunajua."

Kioo cha cheti kilikuwa na vumbi la tangu Oktoba, jina la Reginald likionekana nusu tu. Hanna hakukusudia. Mkono wenyewe uliingia mfukoni ukatoka na kitambaa, naye akainama juu ya meza na kuanza kufuta, kutoka juu kwenda chini, kama alivyozoea.

Uso wa Mwalimu Ndesanjo ulikunjuka.

"Unaona?" alisema. "Hiyo unaiweza. Hiyo nafasi bado ipo."

Hanna alimalizia pembe ya chini, palipokuwa na tope, kisha akauliza vipindi vinaanza saa ngapi.