Futi Thelathini na Nane

Kwa miaka ishirini na tisa nilipanda paa la shule ya parokia yetu hapa Braden Ferry kila baada ya siku sita, na sikukosa hata mara moja. Nilipanda siku ya harusi ya binti yangu. Nilipanda nikiwa na homa.

Juu ya paa palikuwa na mashine ya serikali ya jimbo, sanduku la bati lenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Kazi yake ilikuwa kuvuta hewa kupitia chujio jeupe kwa saa ishirini na nne. Niliweka chujio safi, baada ya siku yake kupita nikalitoa likiwa na rangi ya majivu, nikalitia kwenye bahasha, nikajaza fomu na kupeleka posta. Maabara ya jimbo walilipima uzito. Kilichozidi ni vumbi, na vumbi lilitoka ng'ambo ya barabara, kwenye matanuri ambamo kiwanda kinaoka makaa ya mawe ya kuyeyushia chuma. Baba yangu alifanya kazi pale mpaka kifua kikamshinda. Mimi nilifanya miaka minne, nikaona inatosha, nikawa mtunza majengo wa shule.

Lakini sikuwa mtu wa ufagio tu. Nilisoma kemia shule ya jioni miaka sita, Jumanne na Alhamisi, nikiwa na watoto watatu nyumbani. Cheti kiko ukutani sebuleni. Ndiyo maana jimbo lilipotafuta mtu wa mashine mwaka 1987, paroko hakumtaja mwingine. Na ndiyo maana mashine ilipoondolewa mwaka 2016 nilifikiri kazi yangu imekwisha salama.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa kumi, walikuja wasomi watatu kutoka chuo kikuu cha mjini. Mkuu wao alikuwa mwanauchumi, msichana mwembamba anayeitwa Thea Brandvold, aliyevaa viatu visivyofaa kwa vilima vyetu. Wa pili, Profesa Winfield Pruitt, alikuwa mkemia wa umri unaokaribia wangu. Wa tatu, Dakta Carmen Ybarra, ni wa afya ya jamii, na ndiye aliyekusanya kumbukumbu za hospitali za bonde zima. Mke wangu Ludmila aliwaketisha jikoni akawakatia mkate wake mtamu wa njugu.

"Bwana Kovalchick," Thea akasema, "tumekuja kukushukuru. Bila wewe hatuna kitu."

Akanieleza, nami nilielewa bila kuelezwa mara mbili. Mwanzoni mwa mwaka 1996 sheria mpya ilikilazimisha kiwanda kubadilisha milango ya matanuri ili moshi usivuje. Mwaka huohuo vumbi kwenye machujio yangu lilishuka kwa asilimia thelathini na sita. Watoto waliolazwa kwa pumu wakapungua kwa moja ya tano. Yeye alichukua vumbi la Pruitt na wagonjwa wa Ybarra, akapiga hesabu kujua vumbi kiasi gani linaleta ugonjwa kiasi gani, na kuuzuia kuna faida gani kwa nchi. Jarida kubwa lilikwisha kukubali makala yao. Ingetoka mwezi wa tatu.

"Na mwezi wa tano chuo kinaamua kama kitamwajiri kwa kudumu au ataenda zake," Dakta Ybarra akaongeza. "Kwa hiyo mlishe huyu, mama. Halali usingizi wala hali chakula."

"Nakula," Thea akasema, mdomo umejaa.

Profesa Pruitt akatoa karatasi mfukoni. "Mimi nina swali moja dogo. Jimbo bado wanayo machujio yako ya zamani. Niliomba vipande nikavipima. Kuna tisa yenye mafuta. Mafuta ya kupikia, tena yaliyochomeka. Moja kila mwaka, kuanzia 1987 mpaka 1995, yote siku ya Ijumaa, kati ya mwezi wa pili na wa nne. Halafu basi. Kiwanda kilikuwa kinachoma nini?"

Nilijua kabla hajamaliza. Ludmila naye alijua, maana aliacha kukata mkate.

"Siwezi kukumbuka," nikasema.

Walinipiga picha nikiwa chini ya cheti, wakaondoka.

Ludmila alingoja mpaka tulipokaa kula chakula cha jioni.

"Hukumbuki?" akasema. "Wewe? Wewe unayekumbuka namba ya kiti ulichokalia kwenye mtihani wa kemia?"

"Kumi na saba."

"Basi. Ni samaki wale, Emil."

Ni samaki kweli. Ijumaa zote za Kwaresima, ambazo sisi Wakatoliki hatuli nyama, wanaume wa parokia hukaanga samaki katika jiko la ukumbi, chini ya shule, na mji mzima huja kula, hata Wamethodisti. Bomba la moshi la jiko hilo linatokea kwenye paa, upande unaotazama kiwanda, na mashine ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Siku sita za mashine na siku saba za wiki zina hesabu yake: siku ya mashine huangukia Ijumaa kila baada ya siku arobaini na mbili, na Kwaresima ina Ijumaa saba. Kwa hiyo kila mwaka, bila kukosa, chujio moja lilivuta samaki. Nililiona, kahawia, linanuka, na liliniudhi. Lile halikuwa vumbi la kiwanda. Ilikuwa kukisingizia kiwanda, na mimi ni mtu wa haki. Basi wiki moja kabla ya Kwaresima ya mwaka 1996 nilifungua skrubu nne, nikaihamisha mashine mpaka nyuma ya kibanda cha ngazi, ambako moshi wa jiko haufiki.

"Nilikusugua mgongo siku tatu," Ludmila akasema. "Nikakuuliza, umewaambia jimbo? Ukasema mashine ni ileile, paa ni lilelile."

"Mkaguzi wa jimbo aliiona pale miaka yote."

"Mkaguzi alikuja kula pirogi zangu za viazi."

"Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika jambo kama hilo."

"Ilikuwa na upande wa nyuma, Emil."

Nikaendelea kula. Kabichi ilikuwa imepoa. Nyuma ya kibanda cha ngazi moshi wa samaki haufiki, lakini upepo wa kiwandani nao haufiki vizuri, na hilo nililijua tangu Pruitt alipouliza, mkate wa njugu ukiwa mkononi mwangu. Sehemu ya upungufu ule wa mwaka 1996 niliileta mimi, si milango. Kama ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Makala ingetoka, na jina langu lingebaki la mtu ambaye hakukosa siku. Kama ningesema, msichana yule angepoteza alichokifanyia kazi miaka mitano, na mimi ningekuwa mzee wa ufagio aliyechezea chombo cha serikali.

"Usinitazame hivyo," nikamwambia mke wangu.

"Nakula tu," akasema. "Ila yule binti atasimama mbele ya watu wenye akili, aseme jambo kwa kinywa chake. Na wewe umekaa hapa."

Asubuhi nilimpigia simu Thea. Nilimweleza yote kwa mpangilio, na tarehe.

"Nakuja," akasema.

Alikuja peke yake, safari hii na viatu vya maana. Paroko alitupa ufunguo. Matundu ya skrubu za zamani yalikuwa bado yanaonekana kwenye lami ya paa, manne, yamejaa uchafu. Nilishika mwanzo wa futi ya utepe, yeye akaenda na upande wa pili mpaka nyuma ya kibanda.

"Kwa nini, Bwana Emil?" akauliza akiwa kule, sikumwona uso.

Nikamwambia habari ya samaki.

"Chujio moja kwa mwaka."

"Moja."

"Ili kuokoa moja ukaharibu sitini."

"Hamsini na tisa," nikasema. "Miaka mingine sitini."

Alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Kisha akaja akakaa juu ya ukingo wa paa, mgongo kwa kiwanda. "Ningeweza kukuuliza kama una uhakika," akasema. "Mzee wa miaka sabini na tisa, mambo ya zamani, hakuna maandishi. Ungesema labda."

"Nina uhakika."

"Najua. Ndiyo maana siulizi."

Wiki ileile aliwaandikia jarida akaiondoa makala.

Profesa Pruitt hakukasirika hata kidogo. Mkemia ukimletea kosa lenye tarehe na vipimo anafurahi kama umemletea zawadi. Aliazima mashine mbili za aina ileile, tukaweka moja kwenye matundu ya zamani na nyingine nyuma ya kibanda, zivute siku zilezile kwa miezi minane. Alileta mwanafunzi wa kuzihudumia. Nilimtazama mwanafunzi anavyoshika chujio kwa vidole, nikasema nitafanya mwenyewe.

Kwaresima ilipofika, siku ya mashine iliangukia Ijumaa ya tatu, kama ilivyo desturi yake. Andy Stefko, mkuu wa wakaangaji, alinikuta kwenye ngazi.

"Emil, tuzime jiko kwa ajili ya masanduku yako?"

"Kaangeni. Ila niambie saa mliyowasha na saa mliyozima."

"Na majina ya samaki?"

"Idadi inatosha."

Fomu ya Pruitt ilikuwa na nafasi ya maelezo. Niliandika: Ijumaa, samaki mia nne na kumi, saa tano asubuhi mpaka saa moja jioni, upepo kutoka mtoni. Kisha nikageuza karatasi nikaendelea upande wa nyuma.

Jibu lilikuja kiangazi. Nyuma ya kibanda mashine hupata robo tatu tu ya vumbi linalopatikana mahali pa zamani. Ukirekebisha, vumbi la 1996 halikushuka kwa thelathini na sita katika mia. Lilishuka kwa kumi na tano. Milango mipya haikuwa imefanya nusu ya kile walichokisema.

Tulikuwa tena jikoni kwetu. Nilikuwa naangalia meza.

"Lakini watoto wangu hawakupanda juu ya paa," Dakta Ybarra akasema. "Waliolazwa walipungua kwa moja ya tano. Hiyo haikuhamishwa na mtu."

Thea aliweka uma chini. "Rudia."

"Moja ya tano. Hospitali zote tatu."

"Basi vumbi kidogo zaidi lilileta nafuu ileile," Thea akasema polepole. "Ina maana kila gramu ni mbaya kuliko tulivyosema. Mara mbili na zaidi." Akachora mstari kwenye kitambaa cha karatasi. "Au kuna kitu kingine kilichowasaidia watoto mwaka ule. Lazima tuangalie miji isiyo na kiwanda."

Waliangalia. Ilichukua mwaka mwingine. Miji mingine pumu haikupungua, na hesabu ikasimama.

Chuo hakikumngoja. Mwezi wa tano ulipofika, kabla hata ya jibu la mashine, hakuwa na makala, na hawakumwajiri. Sasa anafundisha jimbo la Ohio, chuo kidogo, na anasema wanafunzi wake ni wazuri. Niliwahi kumwomba radhi kwa simu. Alijibu kwamba aliyefanya kosa ni mmoja na aliyeamua kuondoa makala ni mwingine, na nisimnyang'anye sehemu yake.

Makala ilitoka majira ya baridi yaliyopita. Alinitumia nakala. Jina langu liko ukurasa wa tano, chini, kwa herufi ndogo: kwamba Emil Kovalchick, mhudumu wa mashine, aliihamisha mwezi wa pili 1996 ili kuepuka moshi wa jiko, na kwamba alitoa taarifa mwenyewe. Ludmila alisema tukate ukurasa huo tuuweke kwenye fremu. Uko sebuleni, pembeni ya cheti, na mgeni akiuliza namweleza.

Wameandika kwamba niliihamisha futi arobaini. Ni thelathini na nane. Nimewaandikia jarida barua.